Jengo la kaka ni la Mchina, General Motors si ya Mchina

Swali: Shikamoo mzee. Nina duka la vipuri vya magari hapa Arusha. Kaka yangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio, jirani na mji wa Dayton. Anafanya kazi katika kiwanda cha vioo vya magari cha Wachina, na anasema jengo hilo zamani lilikuwa la General Motors. Mume wangu akiziona picha anasema ndiyo ushahidi kwamba Wachina walizinunua kampuni zote kubwa za magari za Marekani zilipofilisika mwaka 2009. Nikimwambia si kweli ananicheka. Nani mkweli? Na kama si kweli, kwa nini Wachina wenye fedha zote zile hawakuzinunua zilipokuwa hoi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ubishi huu umeushinda, ila usimcheke sana mumeo, maana alichokiona kwenye picha ni kweli tupu. Ameteleza hatua moja tu: ameliona jengo, akadhani ameiona kampuni.

Jengo lenyewe liko Moraine, kitongoji cha Dayton. Mwanzoni lilikuwa la majokofu ya Frigidaire, kwa sababu General Motors walimiliki biashara ya majokofu hadi mwaka 1979. Baadaye wakaligeuza kuwa kiwanda cha kuunganisha magari, wakalitumia hadi Desemba 23, 2008. Siku hiyo, Krismasi ikiwa kesho kutwa, gari la mwisho likatoka na geti likafungwa. Mwaka 2014 akaja Cao Dewang, mwenye kampuni ya Fuyao kutoka mkoa wa Fujian, akanunua sehemu kubwa ya jengo na kuingiza tanuri za kukunja vioo. Alinunua kuta, paa na sakafu iliyozoea mashine nzito. Hisa ya General Motors hakununua hata moja. GM kwake ni mteja, kwa hiyo kioo anachokikagua kaka yako leo chaweza kabisa kwenda kufungwa kwenye gari la mwenye nyumba wa zamani.

Sasa nikueleze nani alinunua nini mwaka 2009. Nitaingia kwa undani kidogo, kwa kuwa hii ndiyo kazi niliyoifanya miaka mingi kabla ya kustaafu: kukaa na vitabu vya kampuni zilizoshindwa kulipa, kuhesabu kilichobaki na kukigawa kwa wanaodai.

Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Aprili 30, 2009, na General Motors ikafuata Juni 1. Hati ya GM ilionyesha mali za dola bilioni 82.3 na madeni ya dola bilioni 172.8. Hebu zitazame tena hizo namba mbili. Ukipewa bure kampuni ya namna hiyo, umepewa shimo la dola bilioni 90. Ndani ya madeni kulikuwa na watu wenye hatifungani, yaani waliokuwa wameikopesha kampuni kwa hati, wauza vipuri wasiolipwa, na juu ya yote ahadi za pensheni na matibabu kwa wastaafu, wengi kuliko wafanyakazi waliokuwa kazini. GM wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba matibabu peke yake yanawaongezea kiasi cha dola 1,500 kwenye kila gari, kabla hujanunua bati wala tairi.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Mwenye akili hapendi boga la namna hiyo. Aliyelipenda ni serikali ya Marekani, tena kwa sababu za kisiasa: iliogopa mamilioni ya ajira kupotea katikati ya msukosuko wa benki. Mahakama ikaruhusu mali nzuri zitolewe kwenye kampuni ya zamani na kuhamishiwa kampuni mpya isiyo na mzigo. Ilichukua siku 40 tu, na Julai 10 GM mpya ikazaliwa. Hazina ya Marekani ikachukua asilimia 60.8, mfuko wa matibabu ya wastaafu wa chama cha wafanyakazi asilimia 17.5, serikali za Kanada asilimia 11.7, na waliokuwa na hatifungani asilimia 10. Serikali ilimaliza kuuza hisa zake Desemba 2013 kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Chrysler ikaenda kwa Fiat ya Italia, iliyoanza na asilimia 20 bila kutoa fedha taslimu. Leo hii imo ndani ya Stellantis, kundi kubwa la kampuni za magari. Ford hawakufilisika kabisa. Mwishoni mwa 2006 walikuwa wameweka rehani karibu kila walichonacho, hata ile nembo ya duara la buluu, wakakopa zaidi ya dola bilioni 23, na akiba hiyo ndiyo iliyowavusha.

Kwa hiyo katika zile tatu, mnunuzi wa Kichina hakupata hata moja. Hapo mumeo ameshindwa.

Swali lako la pili ndilo tamu zaidi: kwa nini wasinunue? Watu wengi hujibu kwamba Marekani iliwazuia. Leo jibu hilo lina ukweli, nitafika huko. Lakini mwaka 2009 mlango haukufungwa na Washington peke yake. Beijing nao walikuwa na komeo lao.

Kumbuka waliyokuwa wameyaonja. Mwishoni mwa 2004 kampuni ya SAIC ya Shanghai ilinunua kiasi cha nusu ya hisa za SsangYong ya Korea Kusini kwa takriban dola milioni 500. Januari 2009 SsangYong ikaingia chini ya mahakama, na kuanzia Mei wafanyakazi wakakikalia kiwanda cha Pyeongtaek kwa siku 77. Picha za moshi na polisi juu ya mapaa zilizunguka dunia nzima. Miezi hiyohiyo GM ilikuwa inagawanywa mahakamani. Fikiria wewe ni mkurugenzi huko Shanghai, umetoka kuunguzwa vidole na chama cha wafanyakazi cha Korea, halafu mtu anakuletea chama cha wafanyakazi wa magari cha Detroit, UAW, na wastaafu wake laki kadhaa. Ungesaini?

Halafu hawakuwa na njaa hiyo. SAIC na GM walikuwa na ubia Shanghai tangu 1997. Sheria ya China ilikuwa inamzuia mgeni kumiliki zaidi ya nusu ya kiwanda cha magari, kwa hiyo aliyetaka soko la China ilimbidi aingie na mbia, na mbia akajifunza. Mwaka 2009 wenyewe China waliuza magari milioni 13.6, Marekani milioni 10.4 tu, ndiyo mara ya kwanza China kuongoza. Mwaka uliofuata GM iliuza magari mengi China kuliko nyumbani kwake. Mgonjwa wa Detroit alikuwa mzima wa afya Shanghai, na nusu ya faida ya Shanghai tayari ilikuwa ya Wachina.

Hata hivyo yupo mmoja aliyejaribu, na kisa chake hakichoshi. Juni 2, 2009, siku moja baada ya kufilisika, GM ilitangaza imepata mnunuzi wa chapa ya Hummer. Hummer unazijua: magari mapana kama kibanda, yaliyozaliwa kutokana na gari la jeshi. Jeshi lenyewe halikuhusika katika biashara hii. Gari la kijeshi lilikuwa na limebaki la AM General wa Indiana, GM walikuwa na chapa ya raia tu. Mwaka 2006 Marekani walinunua Hummer zaidi ya 70,000. Petroli ikapanda, uchumi ukaanguka, na mwaka 2009 zikauzwa kama 9,000. GM wakataka kuuondoa mzigo.

Mnunuzi alikuwa Sichuan Tengzhong, na karibu kila mtu aliuliza: nani? Ilikuwa kampuni binafsi ya mkoani, watengenezaji wa mitambo ya ujenzi na barabara. Gari dogo hawakuwahi kutengeneza. Bei iliyotajwa magazetini ilikuwa kama dola milioni 150. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: makao makuu yabaki Marekani, GM iendelee kuwaunganishia magari kwa mkataba kwa muda, wao wachukue jina, michoro na mawakala.

Washington haikupiga kelele kubwa. Kelele zilitoka Beijing. Serikali ya China mwaka uleule ilikuwa imekata nusu ya kodi ya ununuzi kwa magari yenye injini ya lita 1.6 kushuka chini, ili watu wanunue magari madogo yasiyobugia mafuta. Halafu kampuni ya Sichuan inataka kuleta nyumbani gari ambalo duniani kote ndilo mfano wa kubugia mafuta? Tengzhong walihitaji kibali cha Wizara ya Biashara ya China, na hadi Februari 2010 hawakukipata ndani ya muda wa mkataba. Biashara ikafa, GM wakaifunga Hummer. Kila nikiwasikia watu wakisema Wachina hununua chochote kinachouzwa, huwa nakumbuka kisa hiki.

Na kama ungependa kumpa mumeo kifuta machozi: kiwanda cha Mishawaka, Indiana, kilichokuwa kikiunganisha Hummer H2, kilikuja kununuliwa na kampuni ya Kichina kweli. Mwaka 2017 tawi la Marekani la watengenezaji wa magari wa Chongqing lilikubali kukilipia dola milioni 110 ili litengeneze magari ya umeme. Hayakuwahi kufika sokoni, na kiwanda kikaendelea kuhama mikono. Tena jengo, si kampuni.

Mara nyingine aliyefunga mlango alikuwa GM mwenyewe. Saab ya Sweden ilikuwa mali ya GM kwa miaka mingi. Waliiuza mwaka 2010 kwa kampuni ndogo ya Uholanzi, nayo ikaishiwa mwaka uliofuata, na Wachina wawili wakajitokeza kuiokoa: Youngman, watengenezaji wa mabasi, na Pang Da, wauzaji wa magari. Fedha zilikuwapo, nia ilikuwapo. Lakini magari mapya ya Saab yalijengwa juu ya teknolojia ya GM, na GM wakasema leseni hatutampa mmiliki mpya wa Kichina. Kwa nini? Kwa sababu gari lilelile lingekwenda kushindana na ubia wao wa Shanghai. Desemba 2011 Saab ikafilisika. Wengi walilia kwa ajili ya Saab. Mimi kama mfilisi niliona somo kavu: unaweza kununua kampuni na ukakuta moyo wake umewekwa amana kwa jirani.

Sasa Volvo. Hii nitaipitia haraka kwa kuwa si gari la Kimarekani, ingawa muuzaji alikuwa Mmarekani aliyebanwa. Ford waliinunua mwaka 1999 kwa karibu dola bilioni 6.5. Mwaka 2008 Ford walipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 14, wakaanza kuuza vyombo vya nyumba: Jaguar na Land Rover kwa Tata wa India, kisha Volvo kwa Geely wa Zhejiang, mkataba wa dola bilioni 1.8 uliosainiwa Machi 2010 na kukamilika Agosti. Mwenye Geely, Li Shufu, alianzia kwenye vipuri vya majokofu na pikipiki. Watu walimcheka. Lakini aliiacha Volvo iendeshwe kutoka Gothenburg na wahandisi wake wale wale, akawapa mtaji waliounyimwa na Ford, na mauzo yakatoka kama 335,000 mwaka 2009 hadi zaidi ya 760,000 mwaka 2024. Tangu 2018 wana kiwanda South Carolina. Ndiyo mfano bora wa mnunuzi wa Kichina katika biashara hii yote, na kwa maoni yangu ubora wake ni kwamba alinunua kitu kilichougua kwa sababu ya mwenye nacho, wala si kwa sababu ya ugonjwa wake mwenyewe. Volvo haikuwa imeoza. Ford ndiye aliyekuwa na njaa.

Lakini kama unataka kujua Wachina walinunua nini hasa Marekani, funga boneti na ushuke kwenye shimo la gereji. Angalia gari kutoka chini.

Unakijua kile kifundo chenye pembe nne kinachounganisha shafti ya propela na difu, kinachoanza kugonga kikiishiwa grisi. Mafundi wetu hukiita krosi, na bila shaka unacho dukani. Kwa Kichina jina lake lina neno wanxiang, pande zote, kwa kuwa kinageuka upande wowote. Mwaka 1969 mkulima mmoja wa kando ya Hangzhou, Lu Guanqiu, na wenzake sita walichanga yuani 4,000 wakafungua karakana ya kutengeneza zana za kilimo. Baadaye wakakomaa kwenye kifundo hicho hadi kampuni yenyewe ikaitwa Wanxiang. Miaka ya 1980 wakapata mteja wa kwanza Marekani, kampuni ya Zeller ya Ohio. Mteja huyo alikuja kuzama, na mwaka 1998 Wanxiang wakanunua jina lake, hataza zake na mashine zake. Muuzaji akammeza mnunuzi wake.

Hapo ndipo mtindo ulipopatikana. Tawi la Wanxiang huko Illinois, chini ya mkwe wa Lu, Pin Ni, likawa linazunguka miji ya viwanda ya kati ya Marekani likitafuta watengenezaji wa vipuri wanaokata roho. Kampuni ndogo, fundi mzuri, benki mbaya. Wanaweka fedha, wanawaacha mameneja Wamarekani, na kazi nyepesi wanaihamishia China. Hakuna seneta anayeshtuka kwa ajili ya kifundo cha shafti.

Wakashtuka siku Wanxiang walipogusa betri. A123 Systems ilizaliwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa chuo cha MIT, na serikali ya Marekani iliitengea ruzuku ya dola milioni 249 ijenge viwanda Michigan. Mwaka 2012 ikagundua kasoro kwenye betri zake, nyingine zikiwa tayari ndani ya magari ya Fisker. Kuzibadilisha kulikadiriwa dola milioni 55, nayo fedha hizo haikuwa nazo. Oktoba ikafilisika. Desemba mnada ukafanyika, na Wanxiang wakaishinda Johnson Controls ya Marekani kwa dola milioni 256.6. Wabunge wakapaza sauti, majenerali wastaafu wakaandika barua. Hapo nikueleze chombo kinachoitwa Kamati ya Uwekezaji wa Kigeni, ambacho tangu 1975 huchunguza kama mgeni anayenunua kampuni ya Marekani anahatarisha usalama wa nchi. Kamati ikapitisha Januari 2013, lakini kitengo kilichokuwa kikiuzia jeshi kilikatwa pembeni mapema na kuuzwa kwa kampuni ya Kimarekani kwa dola milioni 2.25. Sehemu ya nyama ikaenda Hangzhou, mfupa wa siri ukabaki.

Fisker nayo ikafuata njia hiyohiyo, na hapa niwie radhi nijipendelee, maana kesi hii hufundishwa kwa watu wa kazi yangu. Fisker walikuwa na gari zuri la umeme na petroli, Karma, lililounganishwa Finland. Serikali iliwaahidi mkopo wa dola milioni 529, wakachota zaidi ya 190 kabla bomba halijafungwa. Betri za A123 zikawaangusha, kisha Oktoba 2012 kimbunga Sandy kikazamisha Karma zaidi ya 300 bandarini Newark. Serikali ikauza deni lililobaki, dola milioni 168, kwa dola milioni 25 tu. Mnunuzi wa deni alikuwa kampuni ya tajiri wa Hong Kong, Richard Li.

Ujanja wake ulikuwa huu. Mwenye deni lenye dhamana anaruhusiwa kushiriki mnadani kwa kutumia deni lake badala ya fedha. Kwa hiyo angeweza kusema: natoa milioni 168, wakati mfukoni zimetoka 25. Nani angeshindana naye? Jaji wa Delaware akamkatalia. Akamwambia ushindane kwa kile ulichokilipa, milioni 25, vinginevyo mnada utakuwa jina tu. Mlango ukafunguka, Wanxiang wakaingia, raundi zikawa 19, na Februari 2014 wakachukua kampuni kwa dola milioni 149.2. Wachina wawili wakipandishiana bei mbele ya jaji Mmarekani, na wadai wa kawaida, wauza vipuri kama wewe, wakapata kitu ambacho wasingekipata. Kufa kufaana. Kampuni ilibadilishwa jina ikawa Karma Automotive, California. Magari yake yanauzwa ghali na kwa uchache; Lu alifariki mwaka 2017 ndoto yake ya gari kubwa la umeme ikiwa bado ndoto.

Niliwahi kusimamia ufilisi wa kampuni moja ya mabasi hapa nyumbani, sitaitaja. Wanunuzi walikuja wengi. Wote walitaka mabasi na vibali vya njia. Michango ya hifadhi ya jamii ya madereva, iliyokatwa na isiyopelekwa, hakuna aliyeigusa hata kwa fimbo. Ndiyo maana sishangai kwamba Wachina nao walisubiri mahakama ifue nguo kwanza ndipo wanunue.

Mengine yalipita kimya zaidi. Kiwanda cha usukani cha Saginaw, Michigan, chenye umri wa zaidi ya karne, GM walikiuza Novemba 2010 kwa ubia wa Kichina wenye mkono wa serikali ya Beijing, na muda si mrefu kikawa chini ya AVIC, shirika la serikali linalotengeneza ndege za China. Sasa kinaitwa Nexteer, kimeorodheshwa soko la hisa la Hong Kong, na bado kinawauzia GM usukani. Mwaka 2016 Joyson ya Ningbo ilinunua watengenezaji wa mikanda na mifuko ya usalama ya Michigan kwa dola milioni 920, kisha ikaitumia kampuni hiyo kuichukua Takata ya Japani iliyoangushwa na mifuko yake mibovu. Ukifunga mkanda kwenye gari la Kimarekani leo, kuna uwezekano mzuri unamfunga Mchina kifuani bila kujua.

Mara ya mwisho kelele kubwa ilikuwa Agosti 2017, Great Wall ya Baoding iliposema inaitamani Jeep. Bei ya hisa za Fiat Chrysler ikaruka, wenye Jeep wakasema hatujaletewa barua yoyote, na maneno yakaishia hapo.

Leo mlango umefungwa upande wa Marekani kwa kufuli zaidi ya moja. Sheria ya 2018 iliipa ile kamati meno marefu. Mwaka 2024 ushuru wa magari ya umeme ya China ulipandishwa hadi asilimia 100. Na Januari 2025 ikatoka kanuni inayozuia programu za mawasiliano za Kichina kwenye magari kuanzia matoleo ya 2027, na vifaa vyake kuanzia matoleo ya 2030. Kanuni hiyo inamgusa hata mtengenezaji anayemilikiwa na Wachina akiwa anaunda magari yake ndani ya Marekani. Kwa hiyo Mchina akiinunua Ford kesho, atakuwa amenunua kiwanda kisichoruhusiwa kuuza magari yake mlangoni pake.

Lakini je, angeitaka? Mwaka 2023 China iliuza nje magari karibu milioni 4.9 na kuipita Japani. Desemba 2024 GM walitangaza kwamba biashara yao ya China itawalazimu kufuta vitabuni zaidi ya dola bilioni 5. Ule ubia wa Shanghai uliokuwa ukimlisha mgonjwa ndio mwaka huo ulikuwa unaugua.

Kaka yako akipata likizo, mwambie aendeshe kutoka Dayton kupanda kaskazini hadi mji mdogo wa Marshall, Michigan. Februari 2023 Ford walitangaza kujenga huko kiwanda cha betri za bei nafuu, wakaja kukipunguza kabla mwaka haujaisha. Ardhi ni ya Ford, jengo ni la Ford, wafanyakazi 1,700 waliopangwa wataajiriwa na Ford. Namna ya kuzitengeneza hizo betri ni ya CATL, kampuni ya Ningde, mkoa wa Fujian, mkoa uleule alikotoka mwenye kiwanda cha kaka yako. Ford hawakuinunua wala hawakuuziwa. Wanailipia kwa leseni.